KHALIFU UTAJWE: Raddi za Siku Hizi na Adabu ya Kukhitilafiana

  

Waarabu wana msemo wa maneno mawili tu, ambao wanafunzi wa lugha huujua tangu madarasa ya mwanzo: khaalif tudhkar, yaani enda kinyume upate kutajwa. Watu wa zama hizi husema khaalif tu'raf, upate kujulikana, na maana ni ile ile. Al-Maydani, aliyefariki mwaka 518 Hijria (1124), ameutia katika mkusanyo wake wa methali na akaunasibisha kwa mshairi Al-Hutai'a. Nasaba hii si ya kuipita hivi hivi. Al-Hutai'a alikuwa fundi wa hijaa, ule ushairi wa kumtukana mtu na kumvunjia heshima yake, na ufundi huo ndio uliokuwa chakula chake. Wakubwa wa makabila walimpa mali si kwa kumpenda, bali kwa kuuzuia ulimi wake usiwashukie. Inasimuliwa kuwa siku aliyokosa wa kumtukana alijitukana mwenyewe.

Mmoja wa waliopatwa na ulimi huo ni Az-Zibriqan bin Badr, bwana wa watu wake, naye akapeleka mashtaka kwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Umar alipousikia ubeti wenyewe alisema haoni tusi ndani yake, anaona lawama tu. Lakini hakuishia hapo. Alimwita Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume (s.a.w.), akamuuliza mwenye fani yake. Hassan akathibitisha kuwa ni tusi, tena baya, na hapo ndipo Al-Hutai'a alipofungwa. Baadaye alileta beti za kuwalilia watoto wake wadogo walioachwa bila ya mlezi; Umar akalia, akamtoa, na inapokewa kwamba alimpa dirham elfu tatu ili azinunue kwake heshima za Waislamu.

Tumeanza mbali kwa sababu biashara ya Al-Hutai'a haijafungwa, na kwa sababu katika kisa hiki mna jambo ambalo tutalirejea: kiongozi wa Waislamu, pamoja na elimu yake, hakuhukumu maneno ya mtu mpaka alipomuuliza anayeyajua. Na sisi tunaoandika hatumo nje ya lawama hii, kama msomaji atakavyoona.

Tazama linavyofanyika leo. Sheikh ana wafuasi wengi. Darsa zake zinasikilizwa Tanga na Mombasa, Muscat na London. Anasomesha kwa muda wa saa moja na nusu. Mtu anakata humo sekunde arobaini, anaziweka mwanzo wa video yake, kisha anakaa mbele ya kamera, nyuma yake rafu ya mijalada yenye maandishi ya dhahabu, anaanza kumraddi. (Neno lenyewe limekaribiana na radi ya mawinguni, na mara nyingi tunapata ngurumo bila ya mvua.) Juu ya video linaandikwa jina la yule sheikh kwa herufi kubwa, halindikwi jina la mas-ala. Hapo ndipo penye siri. Mwenye kutafuta hukumu ya talaka hataifikia video hiyo, lakini mwenye kumtafuta sheikh ataikuta njiani. Mitandao hii imetengenezwa ili mtu asiondoke, na anayeandika maoni kwa hasira anaongeza hesabu sawa na anayeandika kwa kuomba dua. Tena kuna fedha. Mwaka 2018 YouTube waliweka sharti la wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kwa anayetaka kugawiwa mapato ya matangazo, na baadaye wakafungua mlango mwingine wa video fupi. Kuzipata saa 4,000 kwa kusomesha Safinatun-Najah ni safari ndefu sana. Kwa jina la mtu mashuhuri na neno "afichuliwa" njia inafupika.

Hatusemi kwamba kila anayeraddi anatafuta fedha au sifa. Nia zimo vifuani, na Mtume (s.a.w.) alimkemea Usama bin Zaid (r.a.) kwa kumuua mtu aliyetamka shahada, akamuuliza kama aliupasua moyo wake akajua kuwa hakusema kwa kweli. Kwa hiyo wale wafuasi ambao kila sheikh wao akikosolewa hujibu kwa neno moja tu, "wivu", nao wanapasua mioyo. Umashuhuri si kinga. Mtu anayesikilizwa na watu laki moja akikosea, kosa lake linaingia nyumba laki moja, na kulinyamazia ni khiyana kwa wenye nyumba hizo. Wanavyuoni wa hadithi waliwataja wapokezi dhaifu kwa majina, na Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277) katika Riyadh-us-Salihin amehesabu sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa asilolipenda, mojawapo ikiwa ni kuwahadharisha Waislamu. Lakini wengi wanaoitaja sehemu hiyo ya kitabu huacha alichokitanabahisha mwenyewe humo humo: kwamba mlango huu watu hukosea ndani yake, kwani huenda msemaji amesukumwa na husuda, na Shetani akampambia hata akadhani kuwa anatoa nasaha. Nawawi hamzungumzii mwongo hapo, anamzungumzia mtu anayejiamini kuwa ni mkweli.

Hilo ndilo gumu la maudhui hii. Lau wenye kukhalifu wangekuwa wote kama yule bedui wa kisa mashuhuri, aliyekojoa katika kisima cha Zamzam na alipokamatwa akasema alitaka watu wamjue, kazi ingekuwa nyepesi. (Na tazama malipo yake: wasimulizi wamekihifadhi kitendo chake, jina lake hawakulitaja.) Tunaowakuta ni watu wenye elimu kiasi, wenye dalili mkononi, na pengine wenye haki katika mas-ala yenyewe. Ni vipi mtu ataijua nafsi yake?

Imam Shafi (r.a.) alikabiliwa na jambo hili. Malik bin Anas alikuwa mwalimu wake, na baada ya kufa kwake mwaka 179 Hijria (795) hakukuwa na jina lililokuwa likitajwa zaidi katika Misri na nchi za Magharibi. Imepokewa kwamba Shafi alipata habari za watu wa Andalusia wanaoomba mvua kwa kofia ya Malik, na za watu ambao wakiambiwa kasema Mtume (s.a.w.) wao hujibu kasema Malik. Akaona kuwa sasa ni lazima aandike kubainisha kwamba Malik ni binadamu anayekosea. Na imepokewa kuwa, pamoja na hayo, alikaa mwaka mzima akimtaka shauri Mwenyezi Mungu kabla ya kukitoa kitabu chake. Mwaka mzima, ewe ndugu, kwa mtu wa daraja ya Shafi, katika mas-ala aliyoyabobea, juu ya mwalimu aliyemsomea Al-Muwatta mwenyewe!

Ukikisoma kitabu hicho ndani ya Al-Umm utakuta mas-ala baada ya mas-ala: hii ndiyo hadithi, hivi ndivyo mnavyosema, hii ndiyo khitilafu yetu nanyi. Humkuti mtu akimvua Malik heshima yake. Wala hakikumletea raha. Aliishi na kufa, mwaka 204 (820), katika Misri iliyojaa wafuasi wa Malik, na baadhi yao walimchukia kwa ajili hiyo. Shafi alikhalifu kwa hasara. Ndiyo maana sisi tunapomwona mtu amekhalifu na kila siku hesabu yake ya wafuasi inapanda, hatumtuhumu, lakini tunamwomba ajihadhari zaidi kuliko alivyojihadhari Shafi, kwa sababu mtihani wake ni mkubwa zaidi.

Kinyume cha hayo ni kisa cha Naisaburi, na hatukileti kwa kuwatia ila watukufu, Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Mwaka 250 Hijria (864) Imam Bukhari aliingia mji huo, na watu wakatoka mbali kwenda kumlaki. Mwanachuoni mkubwa wa mji, Muhammad bin Yahya Adh-Dhuhli, yeye mwenyewe aliwahimiza watu waende kumsikiliza. Wakaenda, na wakaenda wengi mno, mpaka upungufu ukaonekana katika kikao cha Adh-Dhuhli. Haukupita muda Bukhari akaulizwa mbele ya halaiki kuhusu matamshi ya mwenye kuisoma Qur'ani, kama yameumbwa au la. Hii ilikuwa mas-ala ya moto, kwani mihna iliyompata Imam Ahmad bin Hanbal ilikuwa bado haijasahauliwa. Bukhari alijibu kwa tahadhari kwamba vitendo vyetu vimeumbwa, na matamshi yetu ni katika vitendo vyetu. Makelele yakazuka. Adh-Dhuhli akatangaza kwamba anayekwenda kwa Bukhari asije kwenye kikao chake. Muslim bin Al-Hajjaj, mwenye Sahih, akainuka, na yote aliyokuwa ameyaandika kutoka kwa Adh-Dhuhli akamrudishia juu ya mgongo wa mchukuzi. Bukhari akauhama mji, na dhiki ikawa inamfuata, hadi alipofariki mwaka 256 (870) katika kijiji cha Khartank karibu na Samarqand.

Wapo katika wasimulizi wa zama zile waliosema waziwazi kuwa iliingia husuda. Sisi hatuna haja ya kuhukumu. Adh-Dhuhli alikuwa imamu wa hadithi, na huenda aliiogopea dini kwa dhati. Lakini angalia mpangilio wa mambo: upungufu wa kikao umetangulia, makosa ya Bukhari yameonekana baadaye. Msomaji mwenye darsa lake msikitini, ambaye jirani yake amejaza ua kwa wasikilizaji, anajua tunakusudia nini.

Na angalia Bukhari alifanya nini. Katika Sahih yake amepokea hadithi kutoka kwa Adh-Dhuhli. Hakumtaja kwa jina lake kamili. Mara humwita Muhammad tu, mara humnasibisha kwa babu yake. Jina linaonekana lilimuuma. Elimu ya mtu yule hakuitupa. Mfano kama huu tumeuona hata huku kwetu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1968 na aliyekamilisha tafsiri ya Qurani Takatifu mwaka 1969, alipinga mambo mengi yaliyozoeleka pwani hii, na wengi hawakumpenda kwa hilo. Lakini kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika kimewahifadhi, kwa elimu zao na walimu wao, watu ambao mila zao nyingine yeye hakuziafiki. Vijana wanaojiita wafuasi wa njia yake wengi wamelichukua lile la kupinga, hili la pili wakaliacha.

Kwa sababu ya mambo kama ya Naisaburi ndipo wanavyuoni wakaweka kanuni. Ibn Abdil-Barr wa Andalusia, aliyefariki 463 Hijria (1071), alitenga mlango mzima kueleza kwamba neno la mwanachuoni dhidi ya mwanachuoni mwenzake halikubaliwi ovyo pasi na dalili. Adh-Dhahabi naye (aliyefariki 748, 1348) alikariri kwamba maneno ya watu wa rika moja wao kwa wao hayatiliwi maanani, hasa ikidhihiri kuwa chanzo ni uadui, madhehebu au husuda. Hizi ni kanuni zilizowekwa kwa ajili ya mabingwa wa hadithi. Mwenye simu yake leo hajioni kuwa zinamhusu.

Tofauti nyingine imo katika sanaa yenyewe ya raddi, na hapa tunazungumza kama wasomaji wa vitabu. Imam Ghazali (aliyefariki 505, 1111) alipotaka kuwaraddi wanafalsafa hakuanza kuraddi. Alitunga kwanza Maqasid-ul-Falasifa, akaeleza madhehebu yao kama wanavyoyaeleza wenyewe, kwa uaminifu ambao ulifanya kitabu hicho, kilipofasiriwa kwa Kilatini, kiwafanye Wazungu wadhani kuwa Ghazali naye ni mwanafalsafa. Baada ya hapo ndipo alipoandika Tahafut. Ibn Rushd alipomjibu, aliyanukuu maneno ya Ghazali kipande baada ya kipande kisha akayajibu, hata anayesoma raddi ya Ibn Rushd anaweza kumsoma Ghazali ndani yake na akahitalifiana na Ibn Rushd kwa ushahidi uliomo katika kitabu cha Ibn Rushd mwenyewe. Hiyo ndiyo raddi: inampa msomaji nyenzo za kuikataa. Zile sekunde arobaini zimekatwa makusudi ili nyenzo hizo zisiwepo.

Ghazali huyo huyo, katika Kitab-ul-Ilm cha Ihya, ameweka masharti manane ya mjadala wa haki. Mawili tu yanatutosha. Moja ni kuwa mwenye kujadili awe kama mtu anayetafuta kitu chake kilichopotea, asijali kimeonekana kwa mkono wake au kwa mkono wa mwenzake. La pili ni kuwa mjadala wa faragha uwe unapendeza kwake zaidi kuliko ule wa mbele ya watu na wakubwa. Hili la pili ni mizani ambayo mtu anaweza kujipima nayo leo usiku bila ya kumuuliza yeyote. Nambari ya simu ya yule sheikh ipo, au ya mwanafunzi wake ipo. Umempigia? Na lau angekupokea, akakubali kosa lake, akalisahihisha darsa linalofuata bila ya kukutaja jina, ungefurahi, au ungehisi umepokonywa kitu?

Sisi tungehisi tumepokonywa. Tunasema hivi kwa sababu tulikwishajaribiwa.

Katika Ramadhani ya mwaka 1416 (1996) tulikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, tumerejea karibuni kutoka masomoni na Kiarabu chetu kipya. Katika mji wetu alikuwapo sheikh mtu mzima, mpendwa wa watu, ambaye kaseti zake zilikuwa zikisikika katika kila duka. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa jamaa zake wametuomba tusilirudishe tena katika zogo. Kijana mmoja akatuletea kaseti yake juu ya Zakatul-Fitri. Tukasikiliza upande wa kwanza barazani, tukamsikia akieleza kwamba Imam Abu Hanifa amejuzisha kutoa thamani kwa fedha, na kwamba imepokewa vivyo hivyo kutoka kwa Umar bin Abdul-Aziz na Al-Hasan Al-Basri. Tuliona tumepata. Siku ya pili, baada ya Alasiri, tukamraddi kwa saa nzima: kwamba ameiacha pishi ya chakula iliyothibiti katika hadithi ya Ibn Umar, kwamba ameyatupa madhehebu ya Shafi, kwamba anawafundisha watu kucheza na ibada. Darsa letu nalo lilirekodiwa. Kesho yake msikiti ulijaa mpaka barazani, jambo ambalo halijapata kututokea. Tulifurahi. Tuliirejea nyumbani futari yetu tukiwa na furaha ambayo tuliidhani ni ya kuinusuru Sunna.

Miaka miwili baadaye tulikuwa safarini ndani ya basi, na dereva akaweka kaseti ile ile. Upande wa kwanza ulipokwisha akaigeuza. Huko upande wa pili sheikh alikuwa akieleza kauli ya Mashafii, Wamaliki na Wahanbali, dalili zao, na hadithi ya Ibn Umar kwa sanadi yake, kwa utaratibu mzuri kuliko tulivyoieleza sisi tulipokuwa tukimraddi kwayo. Aya ya sita ya Surat Al-Hujurat, ya kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, tulikuwa tumewahi kuisomesha mara nyingi tu.

Tulikwenda kwake. Alitutilia kahawa kwa mkono wake, akatusamehe kabla hatujamaliza maneno. Kisha akasema, "Mimi yangu yamekwisha, mwanangu. Lakini wale waliokusikia, nani atawageuzia kaseti?" Tulimuahidi tutasema hadharani. Tukaahirisha, kwanza kwa haya, kisha kwa kujipa udhuru kuwa watu wameshasahau kaseti zenyewe, na sheikh akafariki hatujasema. Tulikuwa tunajua aya ya 160 ya Surat Al-Baqara, ambayo kwa walioficha imeunganisha toba na kutengeneza na kubainisha. Tulifanya la kwanza tukaliacha la tatu.

Mwaka jana kijana mmoja, kwa nia njema pengine, aliigeuza kaseti yetu kuwa sauti ya mtandaoni. Ameandika jina la marehemu kwa herufi kubwa, na chini yake neno raddi. Tulimwomba aiondoe, akaiondoa, lakini nakala zimeshatawanyika katika makundi ya WhatsApp, na waliozaliwa baada ya kifo chake wanamlaani kwa ushahidi wetu.

Basi tunabainisha. Katika kaseti ile tulisema kwamba sheikh yule ameyatupa madhehebu ya Shafi na kuwafundisha watu kuacha pishi ya chakula. Hakusema hivyo. Alisema kwamba kauli ya jamhuri ni kutoa chakula, na kwamba yeye mwenyewe hutoa pishi ya mchele kwa kila mtu wa nyumba yake. Kisha akasema kwamba aliyetoa fedha kwa kufuata kauli ya Abu Hanifa asitukanwe wala asiambiwe hakutoa. Hayo ndiyo maneno yake, yamo upande wa pili, na sisi tunayakubali. Ambaye kaseti yetu imemfikia, na aupeleke ukurasa huu kule kule alikoipeleka.

Wallahu aalam.